Picha Zangu Kwa Kompyuta ya Audrey

Jumatatu, 8 Septemba

Wuololo! Kisumu Ndogo yote ijue mimi ni mama ya nani! Audrey wangu anaandika msaada wa programu ya kliniki, yale maelezo nesi anafungua kwa kompyuta akikwama. Kurasa nyingi kuliko Biblia. Akimaliza kufikia Ijumaa, wanamwandika kazi ya kudumu. Aliniomba picha moja nikiweka kidole kwa mashine ya kusoma vidole. Moja? Nimempa za kila ukurasa. Kitenge, gauni la kanisa, kitenge kingine. Rosebella jirani akachungulia, akauliza kama hii ni kliniki ama harusi. Wivu! Mwanawe Tonny anauza chaja tu.

Jumanne, 9 Septemba

Balaa. Audrey akiunganisha kurasa zote ziwe faili moja, kompyuta inagoma. Inasema memori imeisha. Hata omena hajagusa, mtoto wa watu. Mimi nishindwe na chuma? Nimefuta nyimbo zote kwa simu yangu ndio kompyuta ipate nafasi. Audrey akasema, ai Mama, simu na kompyuta hazilii sahani moja. Kwaya yangu yote imeenda!

Jumatano, 10 Septemba

Nimeazima kadi ya memori kwa Tonny. Rosebella alifurahi sana kuombwa. Audrey akacheka mpaka akakohoa. Eti hiyo ni kabati ya kuwekea vitu, kinachojaa ni meza ya kufanyia kazi. Halafu, polepole, akasema picha zangu ndizo zimejaa mezani. Atazipunguza, kisha aunganishe kurasa vipande vipande. Anipunguze mimi! Niliyemzaa! Nimekubali kwa mdomo.

Alhamisi, 11 Septemba

Amezipunguza, akatoka kununua mkate. Nikachungulia. Mimi huyo, kama punje ya mchele! Nikazirudisha zile kubwa. Kunakili najua, alinifunza mwenyewe. Akajaribu tena, kompyuta ikazima kabisa. Nesi mkuu Nabalayo akapiga simu, akasema kesho ni kesho, hangoji. Audrey akaniangalia. Akaniuliza kama nataka yeye aandikwe ama nataka mimi nionekane. Nikajifanya nachambua mboga, sukuma wiki. Sukuma ilikuwa imeshaiva.

Ijumaa, 12 Septemba

Imekubali! Audrey alikata picha zote, akaacha kidole tu, akaunganisha kipande kwa kipande. Nabalayo amemwandika! Nimelia hadharani, sijali. Nikamwendea Rosebella, nikamwambia sasa kliniki nzima inafuata kidole changu. Akauliza watajuaje ni changu.

Swali zuri. Nimepaka kucha rangi nyekundu, zote.

Audrey anasema kazi inayofuata ni msaada wa chumba cha dawa, maandishi matupu, picha hakuna. Nani atasoma maandishi matupu? Nimeshapiga za mkono wa kulia, wa kushoto, na yote miwili pamoja. Simu imejaa. Si neno, nimezihamishia zote kwa kompyuta yake akiwa amelala.