Filimbi Iliyokanyagwa Siku ya Saba Saba

Kijiji cha Mwabusiga,
S.L.P. hatuna,
21 Agosti, 1982.

Kwa Ndugu Afisa Utamaduni,
Makao Makuu ya Wilaya.

YAH: FILIMBI YA KIJIJI ITENGENEZWE AU INUNULIWE NYINGINE, ILI MPIRA UISHE NAMI NIOLEWE

Ndugu Afisa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na umekaa, maana jambo lenyewe ni refu na halifai kusomwa kwa kusimama. Mimi ni Febronia binti Herman, mwalimu wa kisomo cha watu wazima hapa Mwabusiga. Ningekuwa nimeolewa tangu tarehe 17 Julai. Lakini mchumba wangu, Donatus, ni golikipa wa kijiji, na mpira alioingia kuucheza siku ya Saba Saba haujaisha mpaka leo ninapoandika. Leo ni siku ya arobaini na sita ya mchezo. Tumefungwa mbili kwa moja.

Najua utafikiri nimekosea tarehe. Sijakosea, nafundisha hesabu Jumanne na Alhamisi.

Ilivyokuwa ni hivi. Tulicheza na wenzetu wa kijiji cha Nyalwezi. Refa alikuwa Mwalimu Gelasius, mstaafu, mtu mwadilifu ambaye hata nyumbani kwake haanzi kula kabla ya saa aliyoipanga, hata kama ugali unapoa mbele yake. Zikiwa zimebaki dakika mbili, matokeo moja kwa moja, filimbi ilimponyoka mdomoni, na beki wetu Marselino, ambaye huchezea mabuti ya mvua kwa kukosa viatu, akaikanyaga. Mwalimu aliiokota, akaipuliza, ikatoa pumzi tu. Dakika mbili zikaisha, na nyingine nyingi zikafuata. Watu walipoanza kuondoka Mwalimu Gelasius aliwarudisha wachezaji uwanjani, akawaambia kwamba mpira ulianza kwa filimbi na utaisha kwa filimbi, na kwamba goli ni goli hata refa akiwa bubu, ila mwisho si mwisho bila mlio. Kila mtu aliona amesema kweli. Hapo ndipo tulipopotea, kwa sababu mtu akisema kweli mbele ya kijiji kizima ni vigumu sana kumkatalia.

Sasa naomba niorodheshe malalamiko yangu.

1. Kamati ya Michezo. Imekutana mara kumi na moja kuamua kama filimbi itengenezwe au inunuliwe nyingine. Wanaotaka itengenezwe wanasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Wanaotaka inunuliwe nyingine wanasema kipya kinyemi ingawa kidonda. Wa kwanza wakajibu kwamba haraka haraka haina baraka. Wa pili wakasema la kuvunda halina ubani. Nilidhani methali zikiisha kazi itaanza, lakini nimekuja kugundua kwamba lugha yetu ni tajiri mno.

2. Matengenezo. Hapa kijijini tunaye Mzee Kamili, fundi baiskeli, mtu mwenye mikono ya baraka. Alipewa filimbi hiyo tarehe 11 Julai, akainyoosha kwa koleo, akaziba ufa kwa risasi, akaisugua mpaka ikang'aa. Kisha akasema kila fundi lazima ajaribu kazi yake kabla ya kuikabidhi, na akaipeleka mdomoni. Ndugu Afisa, watu saba walimrukia. Maana kuijaribu filimbi ni kuipuliza, na kuipuliza ni kumaliza mpira. Wakati huo tulikuwa bado sare, na kila upande ulitaka kwanza upate goli la pili. Baada ya wenzetu kulipata (nitaeleza walivyolipata), Nyalwezi waliomba filimbi ijaribiwe mara moja, kwa moyo wa kusaidia, wakasema. Kamati yetu ikajibu kwamba risasi haijakauka. Haijakauka mpaka leo.

Filimbi hiyo sasa imefungiwa ndani ya kopo la tumbaku, inalindwa na mtu mmoja kutoka kila kijiji, na hakuna ajuaye kama imepona au bado. Ilipendekezwa ipelekwe Isaka ikajaribiwe stesheni, huko ambako honi za treni zingeumeza mlio wake. Mwalimu Gelasius alifikiri siku mbili, akasema sheria haitaji umbali.

3. Kununua nyingine. Duka la ushirika halina filimbi. Halina pia sabuni, wala chumvi, kwa hiyo silalamikii filimbi peke yake. Mtu mmoja aliiona filimbi gulioni Katoro, lakini mwenye nayo hakukubali kuiuza mpaka mnunuzi achukue pamoja nayo vitana dazeni mbili na kofia ya sufu. Kamati ilikuwa tayari kuvichukua vitana. Ndipo Mwalimu Gelasius akauliza kama filimbi ambayo haikuanzisha mpira ina haki ya kuumaliza. Swali hilo limelala mezani tangu tarehe 2 Agosti na hakuna mwenye ubavu wa kuliamsha. Pia katibu alikumbusha kwamba mali ya kijiji haibadilishwi mpaka ile ya zamani ithibitishwe kuwa imekufa, nayo haiwezi kuthibitishwa kuwa imekufa mpaka ijaribiwe. Kwa jaribio rudi namba 2.

4. Hali ya uwanjani. Wachezaji wa kati wamegawana zamu za kwenda kuuza pamba, na winga wetu wa kulia amepata mtoto akiwa huko huko kwenye winga. Lakini kipa hana zamu. Haruhusiwi kutoka golini hata kidogo, kwa sababu ya mtu anayeitwa Ignas.

Huyu Ignas ni mshambuliaji wa Nyalwezi. Anachimba dhahabu upande wa Geita, na alikuja likizo ya siku tatu tu kwa ajili ya mechi. Sasa shimo lake limeshachukuliwa na wengine, hana pa kurudi, na hasira zake zote amezihamishia kwa Donatus. Anashinda kwenye eneo la hatari, amekaa juu ya ndoo, anasubiri. Tarehe 13 Julai, asubuhi na mapema, alimsogelea Donatus akamwamkia kwa adabu, mwangaluka, kama Msukuma yeyote mwema anavyomwamkia mwenzake jua likichomoza. Donatus amelelewa vizuri. Aliinama kidogo, akaitikia, akauliza habari za nyumbani. Goli la pili liliingia akiwa anauliza habari za ng'ombe.

Tangu siku hiyo Kamati imepiga marufuku kuitikia salamu golini. Wazee wamekasirika sana, na bibi yake Donatus amesema hamtambui tena.

5. Ng'ombe wanaokatiza uwanjani. Hili nitaliandikia barua yake peke yake.

6. Harusi. Hapa ndipo penye kidonda, Ndugu Afisa, naomba univumilie.

Tulitangazwa kanisani Jumapili tatu. Ndugu zetu wa Chato walifika tarehe 14 Julai na matenga mawili ya samaki wakavu. Walikaa wiki tatu. Walikula samaki waliowaleta, wakala na fahali wa harusi, wakatushukuru sana kwa harusi nzuri, wakaondoka. Aliyebaki ni Shangazi Philomena peke yake, ambaye kila akiniona napita na sahani kuelekea uwanjani hushika kiuno na kusema mayo wane, mayo wane, yaani mama yangu mimi, mpaka nivuke mstari wa kona.

Padre amejitolea kuja kutufungisha ndoa golini. Lakini ndoa inataka bwana harusi amgeukie bibi harusi, na Donatus akigeuka, Ignas yupo.

Baba yangu, Mzee Herman, alivumilia mwezi mzima. Wiki iliyopita alisema, kwa upole, kwamba mjadala wa kutengeneza au kubadilisha usiishie kwenye filimbi tu. Akasema mchumba naye ni chombo, na chombo kikigoma mtu hakililii, anaangalia kingine. Akamtaja karani wa kupima pamba, kijana mpole mwenye baiskeli yenye taa, ambaye hajui kabisa kucheza mpira. Ameshafika nyumbani mara mbili. Mara zote mbili aliwahi na mara zote mbili aliondoka kwa wakati, na baba alimsindikiza mpaka njia panda akitikisa kichwa kwa furaha.

Mimi simtaki karani. Nampenda Donatus, naandika wazi kwa sababu hii ni barua ya kiserikali na si vizuri kuificha serikali. Lakini kila siku nampelekea ugali na mlenda, naye anakula huku macho yake yako kwa Ignas. Hajanitazama usoni tangu Julai. Juzi nilisuka nywele zote upya, kazi ya kutwa nzima, nikasimama mbele yake. Aliniomba nisogee kidogo kushoto, namziba. Nililia njia nzima nikirudi, na sikujali nani ananiona.

7. Kwa hiyo, baada ya kuyapima yote hayo kwa makini, naomba Ofisi yako ichukue hatua zifuatazo. Kwanza, filimbi iliyokanyagwa itangazwe imefariki, iwe imepona au haikupona. Pili, iletwe nyingine haraka, pamoja na barua yenye muhuri inayosema kwamba filimbi yoyote inaweza kumaliza mpira wowote. Tatu, kama filimbi haipatikani, Wilaya iutambue mpira huu kuwa taasisi ya kudumu, impe Mwalimu Gelasius mshahara, iweke zahanati kwenye duara la katikati, na wachezaji waruhusiwe kustaafu wakifika umri. Watoto wao warithi namba za baba zao. Nne, kama hilo nalo ni zito, basi utolewe waraka wa kuruhusu bwana harusi abadilishwe kama mchezaji yeyote, na bibi harusi aliyebadilishiwa alipwe walau kitenge.

Lakini ukiniuliza mimi binafsi, Ndugu Afisa, nitasema lile ambalo hapa kijijini hakuna anayethubutu kulitamka. Tukubali tumefungwa. Mbili kwa moja si msiba. Vijiji vingapi vimefungwa, na mvua bado inavinyeshea? Mpira ni ngozi na pumzi tu, na watu wazima wenye akili wameacha mashamba na wachumba kwa ajili yake, na mimi siuelewi wala sitauelewa kamwe. Filimbi ipulizwe hata kesho, tufungwe, turudi nyumbani tukaishi.

Nisalimie wote hapo ofisini, kuanzia karani masijala mpaka mlinzi. Msalimie mama na watoto, na kama una kipa katika ukoo wako, mpe salamu zake na umwambie akae mbali na Nyalwezi. Wa hapa wote hawajambo, isipokuwa wale ambao hawaruhusiwi kuitikia.

Ni mimi, niliye pamoja nawe katika kujenga taifa, na ninayengoja kujenga nyumba yangu,

Febronia Herman
Mwalimu wa Kisomo

Nyongeza, 24 Agosti:

Barua hii ilichelewa kwa kukosa basi, na mambo kidogo yamebadilika.

Jumapili nilipeleka chakula kama kawaida. Donatus aliniomba nimshikie nafasi anawe mikono. Sikujua kwamba Ignas ameshainuka kwenye ndoo. Mpira ulikuja kwa nguvu, juu, pembeni, nami nikajikuta nimeruka. Niliudaka, Ndugu Afisa. Niliudaka kwa mikono yote miwili, sahani ikaenda na njia yake. Mwalimu Gelasius alipekua kitabu chake mpaka adhuhuri, akatangaza kwamba hakuna kifungu kinachomkataza mchumba wa kipa kudaka, na kwa kuwa aliyedaka ndiye kipa, Donatus aende mbele.

Alikwenda. Mtu aliyekaa golini siku arobaini na saba anajua magoli yanakoingilia. Jana saa nne asubuhi alifunga. Sasa ni mbili kwa mbili. Alipofunga hakushangilia na wenzake, aligeuka akanitazama, kutoka goli moja mpaka goli jingine, uwanja mzima, na akaniambia kwa sauti kubwa kwamba nimesuka vizuri.

Padre anakuja Jumamosi. Tutafungia ndoa katikati ya uwanja, na wakati huo golini atasimama Shangazi Philomena, ambaye Ignas anamwogopa. Gauni nimelikata lifike magotini, lilikuwa linanizuia kuruka upande wa kushoto.

Kwa hiyo naomba yote niliyoandika hapo juu yasishughulikiwe. Filimbi isitengenezwe, isinunuliwe, wala isitafutwe, na kama ni lazima muitume, tafadhali mwambieni dereva aendeshe taratibu. Tunahitaji goli moja tu.

F. H., kipa