Kadi Ndogo na Amplifaya ya Mishale Miwili

Jumatatu, 1 Machi 1999. Mwingi.

Kavata ametoa amri. Kufikia Pasaka studio yangu iwe imetoa kaseti moja ya kweli, yenye jalada na picha ya waimbaji, la sivyo cherehani yake inarudi chumbani na mimi natoka na nyaya zangu. Alitamka haya akipakua muthokoi, yaani mahindi ya kukobolewa na maharagwe, kwa sauti ya kawaida kabisa. Mke wangu hutisha hapo. Akipiga kelele najua bado kuna nafasi ya kujitetea.

Hakuna wasiwasi. Kwaya ya kanisa letu inakuja kurekodi nyimbo kumi kwangu. Ilikuwa ya Njogu! Evanson Njogu, mwenye studio ya picha karibu na soko la mbuzi, ambaye mwaka juzi aliamua kwamba anayeweza kupiga picha ya kitambulisho anaweza pia kurekodi Injili. Tangu Januari vikundi vitatu vimemhama. Vitatu! Sababu? Sikio langu. Nilizaliwa nalo.

Kavata anasema sababu ni kadi ya sauti. Ile ambayo binamu yangu Ndululu alichomeka ndani ya kompyuta yangu kabla ya kwenda ng'ambo. Ndululu alieleza kwamba ina kitu kiitwacho DSP, yaani ina akili yake yenyewe ya kupika mwangwi bila kuisumbua kompyuta. Eti wenye studio za nyumbani Nairobi hutafuta kadi ya aina hiyo na si nyingine. Akasema nisiiguse. Niliitikia kwa kichwa kama mtu anayesikiliza.

Jumatano, 3 Machi.

Kwaya imekuja kujaribu. Mwalimu Kisilu mbele, waimbaji ishirini na wawili nyuma, na Mzee Mutunga, mwenyekiti wa kamati, na kofia yake. Mbinya, anayeongoza nyimbo, alivaa hedifoni, akafumba macho, akaimba. Mara mbili tu, kazi ikaisha! Aliimba kama yuko kanisa kubwa la mawe, na huku yuko chumba kilichobandikwa trei za mayai na magodoro mawili.

Mwalimu Kisilu alishangaa. Alisema kwa Njogu wimbo huohuo uliwachukua asubuhi nzima. Mbinya mwenyewe akaeleza kwamba kwa Njogu sauti yake inamfikia masikioni ikiwa imechelewa, kama mtoto anayerudia kila analosema mama. Wakiuzima ule mwangwi ili isichelewe, anabaki na sauti kavu, anajiona anaimba ndani ya gunia. Hapa akifungua mdomo anajisikia papo hapo, na mwangwi juu. Nilimshukuru kwa kulisifu sikio langu.

Mzee Mutunga akataka kuonyeshwa mtambo wenyewe unaofanya maajabu hayo. Nikafungua kompyuta kwa madaha. Nikamwonyesha kadi. Aliinama, akatazama, akavaa miwani, akatazama tena. Akauliza kama ni hiyo tu. Kitu cha kijani kisichozidi slesi ya mkate!

Nikasema ndiyo. Akaniangalia kama mtu aliyeahidiwa fahali akaletewa kifaranga. Sijapata kuona aibu namna hiyo tangu nilipotolewa kwenye sauti ya besi mwaka wa 1991.

Ijumaa, 5 Machi.

Sijalala vizuri siku mbili. Slesi ya mkate!

Nimepita kwa Njogu kumjulia hali, yaani kupeleleza. Mkewe Wangui akanipa chai yenye maziwa mengi. Watu hawa wana adabu hata ukiwa umewanyang'anya kwaya. Na pale kwenye kona nikaiona. Amplifaya ya bendi! Ndefu kama meza ya kulia, nyeusi, ina vifundo hata sikuweza kuvihesabu, taa nyekundu, taa za kijani, na mishale miwili inayocheza nyuma ya kioo. Njogu aliinunua kwa bendi moja ya hoteli iliyovunjika. Anasema inatosha kusikika kutoka hapa hadi Ukasi, lakini kurekodi hairekodi. Kazi yake ni kukuza sauti tu.

Sikuyasikia hayo ya mwisho vizuri. Mishale ilikuwa inacheza.

Njogu akauliza kwa upole kama kadi yangu bado iko salama. Nikajibu kwamba iko, nikajifanya naangalia picha za maharusi ukutani.

Jumapili, 7 Machi.

Balaa! Baada ya matangazo Mzee Mutunga amesimama kanisani na kusema kwamba kwaya itarekodi Alhamisi, na kwamba kamati nzima itafika kushuhudia. Watu tisa! Wote wataniomba niwafungulie kompyuta. Wote watainama. Wote watavaa miwani.

Wakati wa sala nilifumba macho na mpango ukaja wote mzima. Sisemi ulitoka wapi. Nasema tu ulikuja wakati wa sala.

Nimemweleza Kavata: nampa Njogu kadi, Njogu ananipa amplifaya. Ameacha kuchambua maharagwe. Amesema, "Baba Muli, hao watu wanafuata kadi." Nikamweleza taratibu kwamba watu hufuata kinachoonekana. Akasema waimbaji hawatumii macho. Nikamwambia yeye anajua vitambaa, mimi najua sanaa. Amerudi kwenye maharagwe yake.

Jumatatu, 8 Machi.

Imefanyika! Njogu alikubali upesi mno, hata nikamwonea huruma. Aliniuliza mara tatu kama nina hakika. Mara ya tatu Wangui pia aliniuliza. Maskini, hawajui biashara. Nikaongeza masharti kidogo ili nisionekane mnyonge: nikataka na kitambaa cha kufunikia. Wakanipa.

Kadi niliitoa mwenyewe kwa bisibisi, nikaifunga kwa gazeti. Ilienea mfukoni. Amplifaya ilihitaji mkokoteni na wanaume wawili. Hilo pekee linatosha kuonyesha nani amemzidi nani. Mwenye mkokoteni nilimwambia asikate njia ya mkato, apite stendi, apite penye malori ya Garissa, arudi tena stendi. Watu walisimama. Fundi wa baiskeli aliacha kujaza upepo. Kichwa kilinivimba, nakiri.

Ndani ya kompyuta nimerudisha ile kadi ya kawaida iliyokuja nayo. Kadi ni kadi.

Alhamisi, 11 Machi.

Niandike haraka kabla sijabadilisha mambo.

Asubuhi ilikuwa tamu. Kamati iliingia, nikavuta kitambaa, nikawasha. Taa! Mishale! Mzee Mutunga alivua kofia. Alivua kofia, naandika mara mbili! Mjumbe mmoja aliuliza kama ni ya serikali.

Mbinya akavaa hedifoni, zilizochomekwa kwenye kompyuta kama siku zote. Kinanda kikaanza. Akaimba mstari wa kwanza, akasita. Akageuka kuangalia nyuma, kana kwamba kuna mtu aliyemwita. Akaimba tena, mara hii polepole, akiisubiri sauti yake imfikie. Nayo ilipofika alikuwa amekwisha tangulia, kwa hiyo akasubiri zaidi. Kwaya nzima ikamfuata. Wimbo ule ni wa kushangilia kaburi lililo wazi. Kufika ubeti wa pili tulikuwa tunazika upya.

Nikaongeza mwangwi ili kusaidia. Ikawa mbaya zaidi. Mbinya alivua hedifoni akazitazama. Nikasema tatizo ni muthokoi, watu wasile vitu vizito kabla ya kurekodi. Mwalimu Kisilu akasema hawajala chochote tangu jana, walikuwa wamefunga kwa ajili ya kaseti hii. Nikasema basi tatizo ni njaa.

Tukajaribu bila mwangwi. Gunia. Tukajaribu bila hedifoni, kinanda kikitokea kwenye amplifaya. Sasa ndiyo iliunguruma! Trei za mayai zikaanza kudondoka ukutani. Tuliposikiliza tulichorekodi, kulikuwa na kinanda, lori linalobadilisha gia, mbuzi, na mahali fulani mbali sana, kwaya.

Mwalimu Kisilu alinishika mkono kwa mikono yake miwili na kusema wataliombea jambo hili. Nimekaa kanisani miaka thelathini. Najua maana yake.

Ijumaa, 12 Machi.

Nilikuwa napita tu. Mtu anaruhusiwa kupita soko la mbuzi.

Dirisha la Njogu lilikuwa wazi. Nikamsikia Mbinya. Mstari wa kwanza, wa pili, kiitikio, bila kusita hata mara moja, na kwaya ikimfuata nyuma kama maji ya mvua yanavyofuata mtaro. Mara ya kwanza! Nilisimama ukutani nikiwa nimeshika mwavuli na hakukuwa na mvua. Niliumia. Sitaki kuficha.

Mbinya alitoka kunywa maji akanikuta. Hakunicheka. Afadhali angenicheka. Alisema, "Kaka Muthama, ni ile kadi. Nikiimba najisikia saa hiyohiyo, sina haja ya kungoja. Ulikuwa nayo, ukaitoa." Akaniuliza kwa nini. Nikaangalia ndani kupitia mlangoni.

Na hapo ndipo nilipoona. Kochi! Kochi jekundu la watu watatu, ambalo wateja wa picha hukalia. Waimbaji wa sauti ya tatu walikuwa wamejaa juu yake, miguu imenyooka, nyuso zimetulia.

Kumbe!

Mtu aliyekaa vizuri huimba vizuri. Kwangu wanasimama. Jambo rahisi hivyo limenipita na sikio langu lote.

Jumamosi, 20 Machi.

Siku kubwa. Njogu amekuja nyumbani kwangu na Wangui, wamevaa nguo za ibada. Kavata akawakaribisha chai. Njogu alichukua muda mrefu kukoroga sukari. Kisha akasema kaseti ya kwaya imekamilika, lakini Wangui amemwambia hawezi kwenda Meza ya Bwana siku ya Pasaka akiwa amemfanyia jirani jambo kama lile. Alijua kadi ni nini na amplifaya ni nini, akanyamaza. Kwa hiyo anarudisha kadi na kuchukua amplifaya yake. Yeye amekwisha agiza kadi kama hiyo Nairobi. Tena kuna kwaya ya vijana inayotaka kaseti ya nyimbo nne kabla ya Pasaka. Hana nafasi. Atawaleta kwangu.

Akaiweka mezani. Slesi ya mkate, ndani ya gazeti langu mwenyewe.

Kavata alishusha pumzi. Nilimwona akitabasamu, jambo ambalo halijatokea humu ndani tangu siku ya mkokoteni. Alisema Mungu ni mwema. Wangui akasema wakati wote.

Lakini mimi nilikuwa nafikiri. Mtu hakurudishii kitu bure. Kwa nini kadi? Kwa nini leo? Nikaona wazi kabisa: anataka nifurahie kadi ili nisiulize habari za kochi! Nikajikaza. Nikamwambia kwa heshima kwamba kadi abaki nayo, amplifaya achukue, na mimi anipe lile kochi jekundu.

Njogu akamtazama Wangui. Wangui akamtazama Kavata. Kavata alikuwa anatazama kadi pale mezani. Hakupiga kelele. Alisema tu, polepole, "Baba Muli, chukua kadi." Akarudia. Sijawahi kumsikia akiniomba kitu namna hiyo, na kwa dakika nzima mkono wangu ulitaka kwenda.

Nikasema kochi.

Njogu amelileta jioni. Hakutaka kunywa chai tena.

Jumatatu ya Pasaka, 5 Aprili.

Kaseti ya kwaya iliuzwa jana nje ya kanisa, jina la Njogu nyuma. Ya vijana pia, ambao mwishowe walirekodi kwake, jina la Njogu nyuma. Nilinunua zote mbili. Nikazisikiliza mara tatu. Ni nzuri, nikalia kidogo, nikasema ni vumbi.

Kavata hakunikumbusha amri yake. Asubuhi nilipoamka magodoro yalikuwa yamerudi vitandani na cherehani iko dirishani, inalia. Trei za mayai amempa jirani mwenye kuku. Kochi limebaki kwa sababu halipiti mlangoni mpaka ling'olewe miguu. Kompyuta iko juu ya kabati la vyombo.

Leo wanawake watatu wamelikalia kochi wakingoja kupimwa magauni. Mbinya alikuwa mmoja wao. Akiwa amekaa alianza kuimba kwa sauti ya chini, raha mustarehe, bila hata kujijua! Nilimwangalia Kavata nione kama ameona. Alikuwa ana pini mdomoni.

Kwa hiyo la kochi nilikuwa sahihi. Kilichokosekana ni kimoja tu, na nimekigundua leo saa tisa. Dirisha la Njogu lina pazia la maua, zito, linalofika chini. Langu halina kitu. Mwimbaji gani atatulia mahali jua linampiga usoni?

Nimemwona Njogu akivuka barabara nikampungia mkono. Aliongeza mwendo. Haidhuru, kesho nitamfuata kwake. Kompyuta haina kazi tena pale kabatini, naenda nayo tubadilishane na pazia.