Bomba Lisikatwe, Injini Ndiyo Ipandishwe

Kwako Ndugu Fundi Mkuu,
Gereji iliyo nyuma ya kinu cha mbao.

Pokea salamu zangu, tena uzipokee ukiwa umekaa, maana mgongo wako naujua. Sisi hapa nyumbani sote wazima, isipokuwa moyo wangu.

Mimi ni mama yake Spana. Naandika hivyo kwa kufuata taratibu tu, kwani hapo gerejini hakuna asiyenijua: ndiye mimi niletaye chai ya saa nne pamoja na ushauri, vyote bila kuombwa. Shule sikufika nayo mbali, lakini uso wa mtu naweza kuusoma, na jana wako niliusoma vizuri. Uliingia chini ya lori la mdogo wangu, ukalitazama bomba la moshi alilolitengeneza binti yangu kwa mikono yake, ukatoka, ukasema, "Hili kesho tunalikata." Kisha ukaendelea kunywa chai. Chai yangu!

Fundi, ulisema kwa kinywa chako kwamba kazi ya lori hili ikikaa sawa, binti yangu ataacha kuwa mwanafunzi na atapewa shimo lake mwenyewe la kutengenezea magari. Mimi nikasikia "ikikaa sawa" kwa sikio moja, na "shimo lake mwenyewe" kwa masikio yote mawili. Mtaa mzima nimeshautangazia. Leo bomba likikatwa, nitapitia wapi? Kwa hiyo naleta malalamiko yangu, na nimeyapa namba ili usiyaruke.

1. Bidii ya mtoto wangu imegeuzwa kosa. Injini iliyoletwa badala ya ile iliyokufa ilivuliwa kwenye lori la aina nyingine, haikuwa na undugu na lori letu. Vile vikalio vyake vya mpira na chuma, mnavyoviita maunting, ikabidi viende kwa mchomeleaji vitengenezwe upya. Watu wote wakakaa kungoja maunting. Binti yangu hakukaa. Injini ikiwa bado inaning'inia kwenye mnyororo, yeye alishaanza kupima bomba. Ni kweli ulimwambia, "Subiri injini ikae kwanza." Nilikuwepo. Lakini na mimi nikamwambia, mwanangu, ngoja ngoja huumiza matumbo. Sasa kati ya mwenye gereji na mzazi aliyemzaa, mtoto mwenye adabu amsikilize nani?

2. Mchango wangu hautajwi popote. Injini ilikuwa inayumba kwenye ule mnyororo kama mtoto mwenye usingizi. Nani alikimbia nyumbani akaleta kigoda chake cha kumenyea viazi, kikawekwa juu ya chuma cha chasisi, injini ikaegeshwa? Si wewe. Kigoda kile nakikalia kila siku, nami si mwepesi, nikajua injini haitakishinda. Haikukishinda. Binti akapima, akakata, akachomelea, bomba likaingia kama pete na kidole. Nilipiga vigelegele mpaka mwenye duka la rangi akaja kuuliza nani kaolewa.

3. Hukumu imekwenda kwa asiye na hatia. Maunting zilipokuja, kigoda kikatolewa, injini ikashuka ikakaa mahali pake, chini kwa vidole vitatu. Bomba, ambalo lilishafungwa kwenye chasisi, likabaki kule juu limeduwaa kama mgeni aliyekuta mlango umefungwa. Naomba tuelewane hapa, Fundi. Bomba halikusogea hata kidogo. Aliyehama ni injini. Tangu lini anaadhibiwa aliyetulia, anaachwa aliyehama?

4. Ndiyo maana ombi langu ni dogo tu: pandisheni injini. Chini ya maunting wekeni kitu. Hata kigoda nakitoa. Utasema boneti haitafunga. Itobolewe, injini nayo ipate hewa. Utasema dereva hataona barabara kwa injini iliyochomoza. Dereva ni mdogo wangu, nimembeba mgongoni mimi, na ufupi wake si habari mpya. Nitamshonea mto akalie. Utasema kichwa kitagonga dari. Dari nayo inyanyuliwe, si mna grainda ya kukatia chuma na mtungi wa gesi? Mkimaliza hapo mtakuta lori zima limeinuka, na kitu pekee ambacho hakikuhitaji kuguswa ni bomba la binti yangu. Hapo ndipo utaniomba radhi.

5. Nimeaibishwa mbele ya watu. Ulieleza kwamba bomba halifungwi chuma kwa chuma, linaning'inizwa kwa mipira, kwa sababu injini inacheza kwenye maunting zake na bomba lazima licheze nayo, la sivyo litapasuka. Nikajibu kuwa wanangu nimewalea kusimama imara, na kama injini haijui kutulia, ifundishwe. Mdogo wangu, badala ya kunitetea dada yake, akadakia: "Dada, hata wewe ukicheka unatikisika, na sketi yako ina lastiki. Ingekuwa ya bati, je?" Gereji nzima ikaangua kicheko. Na mimi nikacheka. Nikatikisika, jambo ambalo halikuisaidia hoja yangu.

6. Leo asubuhi nimeambiwa, "Mama, chai iache getini." Getini! Kama posta! Nataka niruhusiwe kuingia, nipewe cheo cha Mshauri wa Gereji, na niwekewe kiti chenye mgongo. Kigoda changu kimerudi na oili; nikikikalia nateleza, na viazi vinanifuata.

Usipoyatekeleza haya, chai itaendelea kuja, kwani sina roho mbaya. Sukari ndiyo sina uhakika nayo.

Nisalimie mkeo, umwambie ule mche alionipa umeshika. Msalimie mchomeleaji na macho yake mekundu, fundi wa kupaka rangi magari, mwenye duka la rangi (hakuna aliyeolewa), na yule paka anayelala ndani ya tairi. Wote wapate salamu zangu kupitia kwako.

Ni mimi, mwenye uchungu wa kuzaa na sasa wa bomba,
Mama yake Fundi Spana.

Tanbihi: Nilikuwa nakunja barua, binti akaingia, masizi mpaka kwenye nyusi. Nikamsomea yote nikitegemea machozi ya shukrani. Akasikiliza mpaka kwa paka, akanawa mikono, akasema, "Mama, nimeshalikata." Nikauliza nani kamlazimisha. Akasema hakuna, alikuomba grainda, ukampa, ukaenda zako kwenye gari jingine. Amepima upya injini ikiwa imekaa juu ya maunting zake, na safari hii amelining'iniza kwa mipira. Anasema lori linaunguruma taratibu mpaka mjomba wake aliuliza kama limewaka. Kisha akaniomba, kwa heshima, kigoda kibaki jikoni.

Basi namba moja hadi tano zifute. Ya sita ipunguze iwe kiti tu, nitakaa nje ya geti. Habari za shimo sizitaji tena. Atakudai mwenyewe, mdomo anao.

Jambo moja la mwisho, libaki kati yetu. Keshokutwa mdogo wangu ananiletea kabati langu la vioo kwa lori hilohilo. Kwa sababu ya bomba lile la kwanza, nilishakodi mkokoteni kwa siri. Jioni hii nimekwenda kumwambia mwenye mkokoteni asije.