Odagiri wa Ghorofa ya Tisa

Jumatatu, 4 Novemba

Mkutano wa wenye maduka wa mtaa wetu. Ajenda: taa za mwaka mpya, paka wa muuza samaki, na Jioni ya Michezo ya Zamani, Jumapili hii ukumbini. Watu wataleta kaseti za michezo ya video ya utotoni, tutakula, tutakumbushana. Safi sana. Kisha akasimama Nogawa, muuza miwani. Akasema mwaka huu maneno matupu basi. Mwenye kudai alimaliza mchezo fulani alete ushahidi. Aliposema "mwenye kudai" alikuwa ananitazama mimi.

Ieleweke: tangu 1988 mtaa mzima unaniita Odagiri wa Ghorofa ya Tisa, kwa sababu ni mimi peke yangu niliyemaliza Mnara wa Bundi, mchezo wenye ghorofa tisa. Hata mwenyekiti hunitambulisha hivyo kwa wageni. Nikamjibu Nogawa kwa upole kwamba kaseti ile ina betri ndani na inakumbuka kila kitu. Nitaileta. Watu wakapiga makofi. Nogawa akafuta miwani yake, ambayo ilikuwa safi.

Nimerudi nyumbani kifua mbele. Kaseti yenyewe sijaiona miaka thelathini na kitu.

Jumanne, 5 Novemba

Mama (miaka 79, masikio mazuri kuliko yangu) akasema iko kwenye bati la biskuti za mchele, kabatini, nyuma ya magodoro. Kweli. Na mashine ya kuchezea pia, nyekundu na nyeupe, nyaya zimefungwa vizuri. Wakati wa chakula cha mchana nikaichomeka kwenye televisheni ya zamani ya chumba cha nyuma, nikapuliza kaseti mara tatu kama sheria inavyotaka. Ikawaka!

Kumbukumbu ziko tatu. Ya kwanza: SHIGEKI, ghorofa ya nne. Ya pili: CHINATSU, ghorofa ya tisa, amemaliza. Ya tatu: tupu.

Shigeki ndiye mimi. Chinatsu ni mdogo wangu, wakati ule ana miaka tisa. Nakumbuka sasa, kwa mbali, kwamba aliyeshika vitufe siku ile alikuwa yeye. Lakini nilikuwepo. Nilishika bakuli la biskuti. Bila biskuti hakuna anayefika ghorofa ya tisa.

Ni tatizo dogo la kiufundi.

Jumatano, 6 Novemba

Nyuma ya kaseti, kama watoto wote wa wakati ule, tuliandika majina ili isipotelee kwa watu. Juu: Shigeki. Chini yake: na Chinatsu. Nikaona nianze na hilo. Mimi ni dobi, mtoto wa dobi, na mtaa huu hakuna doa lililowahi kunishinda. Dawa ya wino, pamba, mkono mwepesi. Jina langu likatoka lote. La Chinatsu halikutikisika. Kumbe aliandika kwa ule wino wa marehemu baba wa kutia alama nguo za wateja, ambao tunawahakikishia wateja kwamba hautoki. Hautoki. Kazi nzuri, baba.

Sasa kaseti inasema "na Chinatsu". Haidhuru. Mpango mpya ni bora zaidi: nitacheza kwa jina langu kutoka ghorofa ya nne hadi ya tisa kabla ya Jumapili. Mama amekubali, lakini saa moja tu kwa siku, mchana, duka likifungwa, kama zamani. Nikamkumbusha kwamba nina miaka arobaini na minane. Akasema kwa umri huo nusu saa ingetosha, ila amenihurumia. Ameweka saa ya jikoni juu ya televisheni.

Ghorofa ya nne kuna bundi. Anakuja, naruka, ananigonga, naanguka. Leo mara thelathini na moja.

Alhamisi, 7 Novemba

Nimempigia Chinatsu, anayeendesha basi huko Niigata. Nikamwambia kuna mteja wangu anauliza namna ya kumpita bundi. Alicheka mpaka nikaisogeza simu mbali na sikio. "Kaka, jamani, bado uko kwa bundi?" Akasema nisiruke. Nisimame tu, nitulie, atapita juu yangu mwenyewe. Shida yangu, kasema, ni kuruka kabla hata sijaguswa.

Nikasimama. Bundi akapita. Miaka thelathini na sita nimeruka bure.

Ila kabla ya kukata simu aliuliza kama kumbukumbu yake bado ipo. Nikasema ipo. Kisha akasema anakuja Jumapili ukumbini kuiona, mama ameshamwambia. Siku ile alipomaliza, kasema, baba aliacha pasi, akaja kukaa sakafuni na aproni yake, akatazama mpaka mwisho. Ndiyo mara pekee anayokumbuka baba kufunga duka wakati wa kazi. "Usiiguse, kaka. Nakujua wewe." Nikasema iko salama mikononi mwangu.

Nimewaza kwamba betri iliyokufa haitoi ushahidi. Nimewaza tu.

Ijumaa, 8 Novemba

Ghorofa ya saba! Kidole gumba kina plasta mbili. Dukani, mwalimu mkuu nimempa kimakosa gauni la mke wa muuza samaki, na ameondoka nalo.

Nogawa alikuja kuchukua koti. Akaona plasta, akauliza kulikoni. Nikasema pasi. Akasema pasi yangu ina akili sana, inachoma kidole gumba cha kushoto peke yake. Nimemwekea kikunjo kidogo kwenye kola, kwa nyuma, mahali asipoona.

Jumamosi, 9 Novemba

Ghorofa ya tisa. Mimi! Mlango wa mwisho uko mbele yangu, wazi. Kengele ya saa ya jikoni ikalia. Nikamwomba mama dakika moja. Akasema hata mwaka 1988 ilikuwa dakika moja, akachomoa waya.

Kila mtu wa rika langu anajua: mashine ile huizimi hivi hivi. Unabana kwanza kile kitufe cha kuanza upya, ndipo unazima, la sivyo kumbukumbu zinavurugika. Mama hakuwahi kujua na leo hajui. Alipoingia jikoni nikawasha tena. Ya kwanza: tupu. Ya pili: CHINATSU, ghorofa ya tisa, amemaliza.

Ikabaki njia moja. Nikachagua ya pili, nikabonyeza FUTA. Mashine ikauliza kama nina hakika. Ndiyo. Hapana. Kumbukumbu zote tatu zikiwa tupu, nitasema betri imekufa, na nitabaki Odagiri wa Ghorofa ya Tisa mpaka nizikwe. Nikakaa mbele ya swali lile. Siku ile ya 1988 baba alikaa pale pale, kushoto kwangu, ananukia sabuni. Alimwambia Chinatsu ana mikono ya dobi. Mimi hakuwahi kuniambia, na dobi ndiye mimi. Iliniuma siku ile, na leo imeniuma tena.

Kidole kikaangukia Hapana. Ni plasta, iliteleza.

Jumapili, 10 Novemba

Ukumbi ulijaa. Nikawasha mbele ya watu wote. CHINATSU, kubwa ukuta mzima. Nogawa akasoma kwa sauti, herufi moja moja, kama anayepimwa macho dukani kwake. Akauliza, basi, Odagiri wa Ghorofa ya Tisa ni yupi?

Chinatsu akasimama kule nyuma, na koti lake la safari. Akasema ni yeye. Kaka yake alishika bakuli. Nilitamani kuingia kwenye mashine ya kufulia nijifungie. Lakini Chinatsu hakukaa. Akauliza nani humu alimpita bundi. Hakuna mkono uliopanda. Akamtazama Nogawa. Nogawa akasema yeye na bundi walikuwa wanakaribia kuelewana, kisha akaomba, kwa adabu kabisa, aelekezwe.

Wakampa Chinatsu mto wa kukalia, mbele kabisa. Alilitazama jina lake muda mrefu, akajifuta machozi, akapigapiga nafasi ya kushoto kwake. Nikakaa. Akanipa bakuli. Nasema kweli, sijawahi kufurahi hivyo.

Hapo Nogawa akauliza, kwa wema tu, kama Mnara wa Bundi wa Pili niliwahi kuujaribu. Nikasikia mdomo wangu unasema niliumaliza. Mara mbili. Bila kufa hata mara moja. Kaseti? Bahati mbaya, binamu yetu alihamia nayo Brazili.

Chinatsu akasema kwa sauti ya dereva wa basi kwamba hapana, kaseti hiyo iko kwake, atanitumia kwa posta. Mwenyekiti ameshaandika: Jioni ya Pili, Februari.

Ghorofa kumi na mbili, miezi mitatu. Inatosha kabisa. Nimemwambia mama nitahitaji saa mbili kwa siku. Mpaka sasa anacheka.