Masharubu Niliyoyaweka Rehani

Jumapili, 6 Oktoba
Leo nimeapa. Mbele ya mkahawa mzima! Rafiki yangu Wagdi, kinyozi bora wa mtaa wote wa Shubra, hajafungua duka mwezi mzima. Analala akiutazama ukuta. Hali chakula, haongei, ndevu zake mwenyewe zimemshinda. Daktari Safinaz wa duka la dawa akasema hiyo ni sonona, ni ugonjwa, apelekwe kwa tabibu. Nikamcheka. Ugonjwa gani usio na homa? Mawazo mabaya tu hayo! Mimi Galal, niliyefika mpaka Beirut, niliyesoma nusu ya kitabu kizima cha fikra njema, nitamponya. Wagdi asipocheka kufikia Ijumaa, nanyoa masharubu!

Hata wacheza dhumna wakatua vipande. Kwetu, mwanamume akishaapa kwa masharubu, hana pa kurudia. Na yangu ni mali ya mtaa: wageni huelekezwa njia kwayo.

Safinaz akasema yeye ataleta kioo.

Jumatatu, 7 Oktoba
Nimemwamuru Wagdi aseme mara mia: mimi ni simba. Akauliza, kwa sauti ya mtu aliye kisimani, kama simba si yule anayelala mchana kutwa. Nikasema ndiye. Akasema basi yeye ni simba tayari, akajifunika shuka.

Dharau! Nikampigia kelele ayafikirie mema aliyojaliwa. Akalia. Akasema mema anayaona, na ndiyo yanayomtia haya. Alikuwa na huzuni moja, sasa nimemwongezea ya pili: ya kushindwa kufurahi.

Jibu la hilo nadhani limo katika ile nusu ya kitabu nisiyoisoma.

Jumatano, 9 Oktoba
Furaha huambukiza kama mafua, nani asiyejua? Nikaleta ngoma na zumari za harusi chini ya dirisha lake. Majirani kusikia tu, vigelegele! Wakapanda ngazi kumpongeza mama yake kwa ndoa ya mwanawe. Maskini Mama Wagdi, kwa haya tu, akawachanganyia sharubati. Bi arusi ni nani? Mmoja akamtaja shemeji yangu. Mke wa mtu! Wagdi akaingia mvunguni. Mama Wagdi akanishusha ngazi zote kwa kandambili.

Alhamisi, 10 Oktoba
Sikupata usingizi. Najiona bila masharubu. Naagiza chai, naitwa bibi. Mke wangu Bahiga ananifungia mlango, anasema hapokei wageni mumewe hayupo. Moyo dududu, viganja chepechepe. Nikajiambia mimi ni simba. Simba akakimbilia chooni.

Nikamwendea Safinaz kutaka dawa ya moyo. Akanipima, akasema moyo wako mzima, huo ni wasiwasi. Haiwezekani, nikamwambia, mimi ni mwalimu wa fikra njema! Akasema basi fikiri mema, ustadhi, upone. Nikajaribu palepale. Nikafumba macho, nikabana meno. Wapi! Kumbe Wagdi naye alivyokuwa... Basi, tuyaache.

Ijumaa, 11 Oktoba
Baada ya swala nilikwenda kwa Wagdi. Bila zumari. Nikakaa sakafuni kando ya kitanda, nikamwambia naogopa. Neno hilo sijalitamka tangu tohara.

Kisha Wagdi akauliza nani atanyoa. Nikasema Hosni, kinyozi wa ng'ambo ya barabara.

Akaketi! Hosni? Yule mchinja kondoo? Masharubu aliyoyalea kwa mikono yake tangu yakiwa vinyweleo, ayaguse Hosni? Akaanza kutafuta viatu.

Mtaa mzima ukatufuata dukani. Akapangusa kiti, akanoa wembe. Upande wa kulia ukaenda. Akarudi nyuma, akanitazama: nusu pasha mwenye heshima zake, nusu yai la kuchemsha. Akacheka! Akacheka mpaka akashikilia ukuta. Halafu, kama tufanyavyo sote kicheko kikizidi, tukiogopa kisije kuleta msiba, akaweka mkono kifuani: Ee Mungu, kijaalie kiwe cha heri.

Nikaruka kitini. Amecheka, na Ijumaa haijaisha! Nimeshinda! Safinaz akaninyooshea kioo, akaniuliza kama nitakwenda nyumbani na ushindi huo wa upande mmoja. Nikarudi kitini. Wagdi akamalizia.

Akapachika wembe mahali pake, amechoka. Akaniambia nisidhani amepona. Kesho huenda kitanda kikamshinda tena. Lakini kwa tabibu atakwenda, mradi niende naye na nisifungue mdomo njiani.

Jumamosi, 12 Oktoba
Tumekwenda. Kapewa dawa, na atarudi kila wiki kuongea. Tabibu alisema mawazo mabaya hutoka kwenye maradhi kama moshi, kisha yanageuka kuni. Na moto haupigiwi kelele ukazimika. Kasema vizuri. Ila kasahau kabisa kutaja fikra njema zangu zilizomtoa mtu kitandani.

Jioni, mkahawani, nikasikia mwalimu Adli halali usiku kwa wasiwasi tangu binti yake aolewe mbali, mjini Tanta. Safinaz akafungua mdomo. Nikamwahi! Adli atacheka kufikia Alhamisi, wapiga zumari nimeshawaita.

Nimeapa kwa nyusi. Zote mbili.