Nguzo ya Simu Inayoshika Kibanda Changu

Rumonge, Jumatatu, 4 Agosti 1913
Habari mbaya toka boma la Wadachi. Iko amri inakuja: nguzo zote za waya ya simu zitakaguliwa, na kibanda kilichofungwa kwenye nguzo kitaondolewa. Itasomwa Ijumaa. Kibanda changu cha kuuzia mafuta ya mawese kina pembe nne, na ya nne ni nguzo ya Wadachi! Nikifukuzwa naenda wapi? Bandarini kote kumejaa.

Jumanne, 5 Agosti
Nimewaita wafanyabiashara kwangu. Nimepika ndagala, dagaa wa ziwa letu, ili waje. Wamekuja! Nimesema nguzo ni mti mgumu wa msitu wa Kigwena, hauna ugonjwa, unakaguliwa ya nini? Nimesema mkaguzi atakuwa mvivu fulani aliyeshindwa kazi kwao. Wamepiga makofi. Mzee Idi wa samaki akasema ningezaliwa mwanaume ningekuwa liwali. Mwasiti, anayeuza mawese mbele yangu, akauliza makofi ni ya maneno au ya ndagala. Wivu! Nimechaguliwa kwenda kuwasemea kwa bwana mkubwa.

Jumatano, 6 Agosti
Asmani wangu kaja toka boma. Kofia mpya! Ndiye mkaguzi wa nguzo, toka Minago hadi Nyanza! Mutoto niliyemzaa mimi! Kijerumani cha hao Wadachi anakijua, waya anaijua. Nimepiga vigelegele, kuku wa jirani wakatawanyika. Halafu nikakumbuka maneno yangu ya jana.
Nimepita kibanda kwa kibanda kueleza kwamba amri ni nzuri sana, tena imechelewa. Mzee Idi akauliza, sasa mama Asmani uko upande gani? Nikamwambia, upande wa mama. Mwasiti akataka kujua yule mvivu kofia imemkaa vipi. Sikumjibu. Nilimjibu kidogo tu, watu wakatutenganisha.

Ijumaa, 8 Agosti
Amri imesomwa. Asmani ameanza kazi palepale, tena kwangu! Nilidhani ni heshima. Nikamnong'oneza: hii yangu iruke, mwanangu, nimekunyonyesha mimi. Akasema shikamoo mama, lakini sogea. Akakata kamba.
Nguzo ikayumba, ikalala juu ya mitungi yangu. Chini mchwa wameimaliza! Kumbe ni kibanda changu kilichokuwa kinaisimamisha. Bandari nzima nyekundu kwa mawese. Mwasiti alicheka mpaka akakaa chini. Alikaa ndani ya mawese. Alhamdulillahi.
Nimelia sana. Asmani akanishika mkono, akawaambia watu kwamba siku moja ingemwangukia mama yake. Anasema vizuri, mwanangu. Hata kilio nilikikatiza nimsikilize.

Jumatatu, 11 Agosti
Nguzo mpya imesimama. Asmani ameigonga kwa nyundo mbele ya wote, akatangaza ni nzima, haina mdudu. Kisha akashika njia ya Nyanza.
Nimewaambia wenzangu, ukaguzi ni kitu kizuri. Zamani tulikuwa tunafunga vibanda bila kujua nguzo iko na afya gani. Hii mimi naijua, imepimwa na mwanangu mwenyewe.
Adhuhuri nimekifunga tena kibanda changu kwenye nguzo hiyo. Safari hii kwa mnyororo. Kamba inakatwa upesi mno.