Mashini Yenye Haiamini Mikono Yangu

Lundi, tarehe 9 mwezi wa sita

Garage yetu imepata mashini! Inarusha muchanga ya chuma, inakula kutu na rangi juu ya bakamyo benye banatoka Mongbwalu. Patron Constant aliuliza nani anaijua. Nikasema miye, miaka saba Kisangani, nilisafisha meli nzima. (Kisangani sijafika.) Fanny, fundi wa kuunga chuma, akacheka mbele ya batu: eti meli gani, Noko (ndiyo mujomba, bote bananiitaka vile), ile safina ya Noé? Adabu hakuna! Samedi patron atachagua kati yetu wawili nani apewe mashini, na kontra ya mwaka muzima. Kontra! Miaka makumi tano na mbili, sijawahi kusaini hata moja.

Mardi, tarehe 10

Fanny amesoma kitabu ya mashini. Tangu lini fundi anasomaka? Akatufundisha: kompresa inasukuma hewa mu tanki ya muchanga, muchanga inatokea mu tiyo kubwa, bomba ya mupira. Kwa mudomo ya tiyo kuko kamukono. Ukikakamata, hewa inakimbia mu tutiyo tubili tudogo mpaka kule kwa tanki, inafungua. Ukikaachilia, byote binasimama. Eti ni juu fundi akianguka, asiumize batu. Miye, kuanguka!

Jeudi, tarehe 12

Matusi! Garage iko kando ya barabara, na nani hanijue? Muzee anapita, naachilia kamukono, nanyoosha mukono kumusalimia, mashini kimya. Mama Musoki wa beignets, mandazi, anapita, kimya tena. Tangu asubuhi, nimesafisha nusu ya mulango moja tu. Fanny anasalimiaka na kichwa, kama mbuzi, amemaliza kamyo muzima.

Lakini miye niko na akili. Nimefunga kamukono na kipande ya mupira ya kinga, baiskeli, ile tunafungiaka mizigo. Sasa inanguruma yenyewe! Fanny akasema, Noko, toa ile kitu. Nikamujibu aende kupika mboga ya sombe.

Samedi, tarehe 14

Patron amesimama, anaangalia. Miye napiga muchanga kama jenerali. Ndiyo bokilo, baba ya muke wangu Monique, akaingia na pikipiki yake mupya, nyekundu. Nani anasalimiaka bokilo na mukono moja? Nikaweka tiyo chini, nikainama, mikono yote mbili.

Tiyo ikasimama kama nyoka! Kushoto: kioo ya kamyo ya patron, nyeupe kama maziwa. Kuume: pikipiki ya bokilo, rangi yote chini, hata plaque ya namba haisomeke. Bokilo alikuwa tayari nyuma ya pipa. Fanny akakimbia kwa kompresa, akaifunga.

Patron akamupa kontra palepale. Yeye! Kwa kufunga kompresa! Hakuna mwenye alisema vile pikipiki ilisafishwa muzuri. Bokilo akasema tangu leo tutasalimiana kwa telefone.

Lundi, tarehe 16

Patron amenifukuza. Wivu tupu. Nimepata kazi kwa Héritier, mupasuaji wa mbao. Aliuliza kama najua tronçonneuse, musumeno ya moteri. Nikasema nusu ya pori ya Mambasa nilikata miye. Amenipa yake. Mbele ya mukono iko na kachuma, eti kanasimamishaka munyororo mashini ikiruka. Kananisumbua.

Nimekatoa.